Nafanya mazoezi ya gitaa kila siku ila sisogei, nyie mnajiwekeaje malengo?

mtoto_wa_kihonda:
Habari wakuu. Nina gitaa kavu (lisilo la umeme), karibu mwaka sasa nakaa nalo kila jioni nikitoka job, hata saa nzima inaisha, lakini ukiniuliza tangu mwezi uliopita nimeongeza nini sina jibu. Nikishika nagusa kodi (nyuzi kadhaa zinazolia pamoja) ya G, ya C, ya D, naimba nyimbo zilezile mbili za kanisani, halafu naingia Youtube kuangalia watu wanavyopiga sebene, kile kipande cha rumba cha kuchezea, najaribu dakika mbili vidole vinagongana naacha. F ndo kabisa, inalia kama mtu anagonga sufuria. Ninachotaka ni kupiga rumba, solo, yaani lile gitaa linaloimba juu. Januari niliandika kwenye daftari "mwaka huu niwe mpiga solo mzuri" ila naona hainisaidii chochote. Mliofika mbali mlipangaje? Mwalimu sina, na hela ya mwalimu sina pia.

Nyuzi Sita:
Mkuu "niwe mpiga solo mzuri" hiyo ni dua. Lengo ni kitu ambacho Jumapili jioni unasema nimekipata au sijakipata, basi. Mfano weka simu dakika moja, badilisha G kwenda C, G kwenda C, hesabu zile zilizolia safi tu. Zikitoka 20 andika 20 kwenye hilo daftari lako, wiki hii tafuta 30. Ukifika 60 ina maana kila sekunde umebadilisha kodi, hapo hizo za kanisani haziwezi kukusumbua tena, hamia C kwenda F.
Na hiyo saa nzima igawe. Dakika kumi za kodi, dakika kumi za kitu kigeni, zilizobaki jiburudishe na nyimbo zako, maana usipojiburudisha utalitundika hilo gitaa ukutani. Kingine washa metronomu, kile kinachogonga mapigo sawasawa. Anza mapigo 60 kwa dakika, ukipiga mara tatu mfululizo bila kukosea panda 65, ukikosea shuka. Watu wanaichukia kwa sababu haimpendelei mtu.

Babu Galatoni:
Mnamchosha kijana bure. Mbaraka Mwinshehe alikuwa na metronomu?

Nyuzi Sita:
Mzee wangu shikamoo. Mbaraka alikuwa na Morogoro Jazz nzima nyuma yake, ngoma zilikuwa zinamshikia mwendo. Huyu yuko peke yake chumbani.

Fundi Freti:
Kabla ya kuhesabu chochote ebu tuangalie hiyo F. Magitaa mengi ya bei rahisi yanatoka dukani kile kipande chenye mifereji ya nyuzi pale juu ya shingo hakijachongwa vizuri, nyuzi zinakaa juu mno, sasa freti (vile vyuma vya kwenye shingo) ya kwanza hata mtu mwenye vidole vya chuma anahangaika. Jipime hivi: chukua umbo lilelile la F ulisogeze mpaka freti ya 5, hapo inakuwa A. Ikilia vizuri huko na kule freti ya kwanza ikakataa basi kosa sio lako peke yako, mpelekee fundi achonge, ni kazi ndogo. Na kama umefunga nyuzi za unene wa 12 weka za 10, nyembamba zaidi, vidole vitakushukuru. Wakati unasubiri piga F ndogo ya nyuzi nne nyembamba, hakuna atakayekukamata.

Bi Ridhim:
Mimi napingana kidogo na kaka Nyuzi Sita. Namba ni nzuri lakini huyu anataka rumba, na rumba huanzi na solo. Sikiliza OK Jazz, bendi ya Franco wa Kongo, solo inatembea kwa raha pale juu kwa sababu kuna ridhim, gitaa la kushika mwendo kwa kodi, haitingishiki chini. Kwa hiyo lengo la mwezi wa kwanza ningempa sebene moja tu ya kodi tatu, C F G, apige ridhim pamoja na rekodi dakika nne bila kusimama, ajirekodi na simu asikilize kesho yake, sio palepale, palepale unajisifia tu.
Mwezi wa pili ndo solo. Zile solo zinazokuchanganya nyingi ni sauti mbili zinapigwa pamoja. Uzi wa B (wa pili kwa wembamba) freti 1 na E ile nyembamba kabisa ikiwa wazi, halafu 3 na 1, 5 na 3, 6 na 5, 8 na 7, 10 na 8, 12 na 10, 13 na 12. Hiyo ni ngazi yote ya sauti za C kupanda, B inatajwa kwanza. Gitaa kavu kule juu panabana ila mpaka 10 na 8 utafika. Zikishazoeleka chukua kipande kimoja kifupi cha solo, Youtube shusha spidi 0.5, kiimbe kwa mdomo mpaka kikae, ndo ukitafute kwenye nyuzi. Kipande kimoja kwa wiki kinatosha kabisa.
Na usisubiri gitaa la umeme. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga kule Kongo, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 pale Jadotville, siku hizi Likasi, gitaa kavu, kidole gumba na cha shahada tu, na ukisikiliza unadhani wako wawili.

mtoto_wa_kihonda:
Asanteni sana. Fundi Freti nimejaribu freti ya 5 INALIA, uzi wa B tu ndo umekwama kidogo!! Dada nimeziandika hizo namba zote. Wiki hii naanza na ridhim ya C F G, na ile ya dakika moja ila C kwenda F ndogo. Metronomu ya bure naipata wapi, simu yangu imejaa haipokei apu.

Nyuzi Sita:
Ingia Google andika metronome, inafunguka palepale juu, hudaunlodi kitu.

Babu Galatoni:
Marahaba wajukuu. Ila mtafutie na mtu wa tumba, ngoma za kumshikia mwendo.