Naomba ushauri: kiti cha mtoto cha kwenye gari, kitazame nyuma au mbele?

Habari zenu wakuu. Mwanetu ana miezi 11, kilo 9 na nusu, na kile kiti chake cha kichanga kimeanza kumbana mabegani. Desemba tunakwenda Moshi kwa gari kutoka Dar, barabara ile ya malori na mabasi, hivyo sitaki kubahatisha.

Mume wangu anataka kinachotazama mbele, anasema mtoto atachoka kukunja miguu. Mimi nang'ang'ania kinachotazama nyuma. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito na shingo bado laini. Gari likigonga kwa mbele, mgongo wa kiti unapokea kishindo badala ya shingo. Kanuni ya Ulaya ya R129 hairuhusu kumgeuza mbele kabla ya miezi 15, ila ile ya zamani, R44, iliruhusu kuanzia kilo 9. Hapo ndipo tunapovutana.

Tumeona kimoja cha mtumba, kisafi kabisa, lakini lebo imebanduliwa na muuzaji hajui kama kiliwahi kupata ajali. Moyo wangu umekikataa.

Nimepapasa siti ya nyuma, kati ya mgongo na kikalio, nikakuta vyuma viwili vya Isofix. Je, nitafute kiti cha kupachika hapo, au cha kufungwa kwa mkanda wa gari kinatosha kikikazwa vizuri? Na waliosafiri mbali na mtoto akitazama nyuma, miguu ilimsumbua kweli?

Natanguliza shukrani.