Benchi la nje ya hekalu

Kikundi: UKOO WA KWA MBUA
Wanachama: Baba, Mama, Mwende, Musyoka (Utah); Shangazi Tabitha (Machakos); Mjomba Kioko (Mombasa); Ndinda (Nairobi)

JUMAMOSI

Mwende: [Picha]

Mwende: Aprili hii na bado theluji. Salamu kutoka Taylorsville

Shangazi Tabitha: Umependeza mwanangu. Na hiyo sufuria nyuma yako ni chai, ama ni macho ya uzee?

Mjomba Kioko: Ni chai. Rangi ya matofali kabisa, vile inatakiwa

Shangazi Tabitha: Haleluya! Mlipokuja 2017 nilichemsha birika nzima ikapoa mezani. Nyinyi mnakunywa maji ya moto kama wagonjwa

Ndinda: Shangazi 🙈 ngoja nikupigie

Shangazi Tabitha: Nimekosea nini sasa?

Mwende: Usimpigie, Ndinda. Acha tu.

Musyoka: Mwende, hiyo picha ilikuwa ya kikundi hiki kweli?

Mama: Ujumbe huu umefutwa

Mama: Ujumbe huu umefutwa

Mjomba Kioko: Dada, unaandika unafuta unaandika unafuta

Mama: Hiyo chai ni ya nani.

Mwende: Yangu, Mama.

Mama: Tangu lini.

Mwende: Tangu Novemba. Na zile zamu za Jumapili kazini nilizosema zinanizuia kuja kanisani ziliisha Oktoba. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia, si hivi.

Shangazi Tabitha: Jamani, kwani chai ni dhambi?

Ndinda: Kwetu ni Neno la Hekima, Shangazi. Ufunuo wa 1833. Pombe, tumbaku, kahawa na chai ya majani. Ya mchaichai unaruhusiwa

Mjomba Kioko: Wamormoni wangeanzia Kericho wangerudi kwao na ndege ya jioni

Mama: Kioko, hatusemi Mormoni siku hizi. Rais wa Kanisa alisema 2018. Ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho.

Mjomba Kioko: Dada, hilo jina ni refu kushinda treni ya SGR

Baba: Mambo ya nyumbani hayazungumzwi hapa.

Shangazi Tabitha: Kaka, hapa ndipo nyumbani. Nyinyi ndio mko safarini.

JUMAPILI

Mwende: Sikulala. Naandika mara moja, mkisoma mnaweza kunyamaza.

Mwende: Hakuna mtu alinikosea. Najua Jumapili hii huko kanisani wanaulizana nani amemuudhi Mwende, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyosema mtu akiacha: ameudhiwa, ama ana dhambi anaficha. Sina mwanamume, sina pombe. Nina chai tu.

Mwende: Ilianza darasani. Nilikuwa nafundisha watoto, tunasoma Kitabu cha Mormoni, Nefi wa Pili mlango wa 5. Aya ya 21 mnaijua, ile ya Walamani kupewa ngozi nyeusi kwa ajili ya laana. Mtoto wa miaka 9 alisoma kwa sauti, akafika hapo, akaniangalia. Hakuwa na ubaya. Aliniangalia tu usoni, akaangalia kitabu, akaniangalia tena. Nikasema tuendelee aya ya 22.

Mwende: Nikaenda kusoma. Sikusoma vya maadui. Nilisoma makala ambayo Kanisa lenyewe liliweka kwenye tovuti yake Desemba 2013. Inasema wakati wa Joseph Smith mwanzilishi kuna wanaume weusi waliopewa ukuhani. Halafu 1852 Brigham Young, rais aliyemfuata, akatangaza hawapewi. Ikakaa hivyo hadi Juni 1978. Na si ukuhani tu. Mwanamke mweusi pia hakuingia hekaluni kuunganishwa na mume wake. Makala inakana zile sababu zote walizokuwa wakifundisha za laana. Sawa. Lakini manabii kumi waliketi kwenye kile kiti cha rais wa Kanisa wakiwa wanaongea na Mungu, na hilo hawakuambiwa?

Mjomba Kioko: Ngoja. 1978? Huo ni mwaka Mzee Kenyatta alikufa

Mjomba Kioko: Yaani Mzee angekuwa muumini wenu angepata ukuhani Juni akazikwa nao Agosti

Ndinda: Mjomba aki 😭

Mwende: Baada ya hapo uzi ukafumuka wenyewe. Kitabu cha Ibrahimu, ambacho Joseph alisema alikitafsiri kutoka mafunjo ya Misri: yale mafunjo yaliyopatikana kwenye jumba la makumbusho New York, wataalamu wakayasoma wakakuta ni maandishi ya mazishi ya Wamisri, na hakuna Ibrahimu ndani. Halafu wake wengi wa Joseph. Sitaki kuhubiri. Siku moja nilipiga magoti nikakuta naongea na kitanda.

Mama: Umemaliza?

Mwende: Nimemaliza Mama.

Mama: Hayo ya 1978 niliyajua kabla wewe hujajua kusoma. Nilibatizwa 1998. Niliwauliza wale vijana wawili wa misheni sebuleni kwetu Donholm. Mmoja akaanza kueleza, mwenzake akamshika mkono, akaniambia, "Mama, mimi sijui." Akalia. Nikaona kijana wa miaka 20 ametoka kwao mbali, analia kwa aibu ya babu zake. Nikajiambia Mungu ni mkubwa kuliko Brigham Young.

Mwende: Hukuwahi kuniambia.

Mama: Hukuwahi kuuliza.

Mama: Na kwa sababu umesema mbele ya watu nami nitasema mbele ya watu. Februari 2009 tulifika hapa na masanduku manne, hatuna makoti. Nani alikuja? Hatukuwa na mtu hata mmoja tunayemjua. Jumamosi asubuhi nikasikia malori, nikafikiri ni polisi. Wanaume kumi na wawili wa kata, yaani ushirika wetu wa mtaa kanisani, wakashusha kitanda, friji, meza ambayo tunalia chakula hadi leo. Hakuna aliyetuuliza tuna karatasi gani. Baba yako alipofanyiwa upasuaji wa mgongo sikupika wiki tatu. Muungano wa Usaidizi wa Akina Mama walipanga zamu, kila jioni mtu kwenye mlango na bakuli. Hao ndio unaowaacha. Vitabu vya Misri sivijui.

Shangazi Tabitha: 🥺

Mwende: Mama, hiyo ndiyo inayoniua. Ningekuwa naacha mafundisho peke yake ningeondoka nikipiga mluzi. Kata inachorwa kwa ramani, unajua. Mtaa wote huu ni kata moja. Ninaponunua maziwa, anayesimama nyuma yangu alikuwa mwalimu wangu. Daktari wa meno yuko kwenye baraza la kigingi, lile linalosimamia kata zetu. Tangu Novemba mama wa nyumba ya tatu ameniletea biskuti mara nne, na kila mara kuna kikaratasi cha aya chini ya sahani. Ni mzuri sana. Lakini zamani alikuwa ananiletea kwa sababu ameoka nyingi.

Mwende: Naona nimeandikwa kwenye orodha ya mtu.

Mama: Nimekuandika mimi. Jina lako liko kwenye orodha ya maombi hekaluni kila wiki tangu Krismasi. Ulifikiri sikujua kuhusu Jumapili? Mzazi anajua. Nilikuwa nangoja uniambie na mdomo wako, si sufuria.

Musyoka: Ujumbe huu umefutwa

Baba: Umeandika barua?

Shangazi Tabitha: Barua gani?

Ndinda: Ya kuomba jina litolewe kwenye kumbukumbu za Kanisa, Shangazi. Ukiondoa jina, ubatizo unafutwa, na kule kuunganishwa na familia milele kunafutwa pia

Mwende: Sijaandika, Baba. Nakumbuka 2010 tulipounganishwa hekaluni, sisi wanne na nguo nyeupe, mikono juu ya madhabahu, vile vioo vinatazamana, unajiona unaenda mbali mpaka unapotea. Mama alitetemeka. Siamini tena kile chumba kinafanya kazi. Lakini mkono wangu siwezi kuutoa pale kwa barua. Sijui hiyo inanifanya niwe nani.

Baba: Sawa.

JUMATATU

Shangazi Tabitha: Nimefikiria usiku kucha, nina swali. Harusi ya Musyoka ni Juni. Huyu Mwende akiwa hivi ataingia hekaluni?

Musyoka: Hapana Shangazi. Lazima uwe na kibali cha hekalu. Askofu anakuhoji, halafu rais wa kigingi. Imani, zaka, Neno la Hekima, yote.

Shangazi Tabitha: Dada wa bwana harusi?

Musyoka: Hata awe mama mzazi.

Shangazi Tabitha: Na mimi wa kanisa la AIC?

Musyoka: ...

Ndinda: Hapana Shangazi

Shangazi Tabitha: NGOJENI KWANZA

Shangazi Tabitha: Nimeuza ng'ombe. Nimeenda ubalozini mara mbili. Nimeshona kitenge na kilemba. Nasafiri siku nzima angani nije kuona UKUTA?

Baba: Dada, pale hekalu la Jordan River kuna chumba cha kusubiri. Kina viti vizuri.

Shangazi Tabitha: Kaka, sikuuza ng'ombe nije kusubiri kama kwa daktari wa meno

Mjomba Kioko: 😂😂😂 daktari wa meno naye yuko kwenye baraza

Mwende: Shangazi, tutakaa nje pamoja. Kuna bustani, maua mazuri sana Juni. Wakitoka tutapiga picha. Nitabeba chupa ya chai.

Mama: Mwende.

Mwende: Samahani Mama.

Ndinda: Lakini kwani ni lazima hekalu kwanza? Sisi tulifunga ndoa hapa Nairobi ukoo wote ukiwepo, ndio tukapanda ndege kwenda hekalu la Johannesburg. Nyanya alicheza mpaka kiatu kikakatika

Musyoka: Huku ilikuwa tofauti. Ukifunga ndoa ya kawaida kwanza ulikuwa unangoja mwaka mzima ndio uunganishwe, na watu wanaanza kuhesabu miezi kama bibi harusi ana mimba. Waliondoa hiyo kanuni Mei 2019. Sasa unaweza asubuhi hapa, mchana hekaluni.

Shangazi Tabitha: Kumbe! Na muda huu wote umenyamaza?

Musyoka: Shangazi, wazazi wa mchumba wangu ni watu wa hapa vizazi sita. Babu zao walivuka nyika wakisukuma mikokoteni kwa mikono. Kwao hakuna aliyewahi kufunga ndoa nje ya hekalu. Nikisema tuanzie bustanini wataona imani yangu ina ufa. Wataanza kuniangalia kama wanavyomwangalia Mwende.

Mwende: Usibadilishe kwa ajili yangu. Kweli. Sikutoka ili wewe ulipe.

Musyoka: Si kwa ajili yako peke yako. Nimekuwa nikiota kila siku niko kwenye kile chumba, kila mtu mweupe, nguo nyeupe na watu weupe, na kwetu ni Baba na Mama tu. Nikigeuka kwenye kioo nakuta hao hao wamejirudia mara elfu.

Musyoka: Sijawahi kumwambia mtu hiyo.

Baba: Ongea na mchumba wako kwanza. Usiongee na baba yake kabla yake.

Musyoka: Leo ni jioni ya familia kwao. Nitamvuta pembeni.

Shangazi Tabitha: Mwambie kuna mama mmoja Machakos ana kilemba chekundu

JUMANNE

Mjomba Kioko: Musyoka habari?

Musyoka: Amelia. Halafu akauliza kama Shangazi anaweza kumfundisha kufunga kilemba. Baba yake bado hajajua. Msishangilie.

Shangazi Tabitha: 💃🏾💃🏾💃🏾

Musyoka: Shangazi nimesema msishangilie

Mama: Mwende.

Mwende: Naam Mama.

Mama: Jumapili ibada inaisha saa saba. Uje saa nane tule. Nitapika muthokoi.

Mwende: Nitakuja.

Mama: Mama wa nyumba ya tatu atakuwepo, nilikuwa nimemwalika kabla. Nimemwambia asilete karatasi.

Mwende: Asante Mama.

Mama: Na ukija, uje na sufuria yako na kikombe chako. Vyangu siwezi kuvitilia chai.