Serikali ya mtaa inagonga muhuri nyumba zilizo ndani ya leseni ya mgodi, na anayelia ni mnunuzi

Wakuu nimejaa hadi shingoni, bora niandike tu maana nikikaa kimya kesho kuna mwingine anauziwa.

Nipo mji wa machimbo huku Kanda ya Ziwa, mtaa na mgodi sitaji kwa sababu mambo bado mabichi. Nililetwa huku na kazi. Kodi za nyumba ni balaa, mwenye nyumba anataka mwaka mzima mkononi na chumba na sebule anakutajia bei ya Mwanza mjini, eti wapo watu wa mgodini wanaweza kulipa. Mimi mshahara wangu hautoki mgodini, unatoka serikalini, ni mtumishi wa kawaida tu, ndo nikaona ninunue familia itulie.

Nyumba ilikuwa nzuri tu, vyumba vitatu, bati la msauzi, umeme umeshaingia, kisima kipo uani. Milioni 26. Na kila kitu mtu anachoambiwa afanye nilifanya, nikaenda ofisi ya mtaa nikauliza kama eneo lina mgogoro nikaambiwa halina, nikaongea na majirani, mke wa muuzaji akasaini, mashahidi wa pande zote wakasaini, mwenyekiti akagonga muhuri na akachukua asilimia kumi yake ambayo mpaka leo stakabadhi sijaiona. Dalali nae akala chake. Hawa wote ni wenyeji wa hapa na wote walikuwa wanajua.

Walikuwa wanajua kwamba mtaa mzima uko ndani ya leseni ya uchimbaji na kwamba wathamini wa fidia, wale wanaokadiria thamani ya nyumba ili mwenyewe alipwe apishe mgodi, walishapita zamani, nyumba kwa nyumba, wakaandika namba ukutani na kumpiga picha mwenye nyumba amesimama mlangoni. Mimi nilikuja kujua siku fundi anakwangua ukuta apige rangi upya. Chini ya ile krimu ikaanza kutokea rangi nyekundu pembeni ya fremu ya mlango, akaendelea kukwangua ikatoka herufi, ikatoka namba. Akasimama, akaniangalia, akasema "bosi, hii nyumba ni ya fidia hii". Yaani mtu alichukua brashi na rangi akaifunika ile namba ndo akaniita kuja kuangalia nyumba!

Kufuatilia, jina lililoko kwenye daftari la tathmini ni la muuzaji na picha ni yake. Siku pesa ikitoka inaingia kwenye akaunti ya mtu ambaye ameshakula milioni 26 zangu na simu hapokei. Mkataba wenye muhuri wa mtaa ninao, nikawaonyesha wanaoshughulikia fidia, nikajibiwa "sisi tunamtambua aliyethaminiwa". Sasa ule muhuri ulikuwa wa nini?

Kinachoniuma zaidi ni hili la tegesha. Waliokaa Nyamongo au Geita wanajua, watu wanasimamisha miti na udongo usiku mmoja wakisubiri pesa ya mgodi. Wapo, sikatai. Lakini mimi niliongeza choo cha ndani na jiko kwa ajili ya watoto wangu wanaolala humu kila siku, akapita afisa na karatasi yake akaandika kuwa ni maendelezo baada ya tathmini, hayahesabiki, ni tegesha. Choo chenye maji kinachotumika na watu watano unakiita tegesha kwa sababu gani?

Na sheria ipo, sio kwamba haipo. Kwamba madini yaliyo chini ni ya serikali kila mtu anajua. Ambacho hawakwambii wakati unanunua ni kwamba Sheria ya Madini ya 2010 inasema ukiwa mmiliki halali ndani ya eneo la leseni ya uchimbaji unaruhusiwa kulima na kuchunga ilimradi huingilii shughuli za mgodi, ila kujenga mpaka mwenye leseni aridhie. Sasa ofisi ya mtaa inagonga vipi muhuri kwenye karatasi iliyoandikwa kiwanja cha makazi? Halafu kuna Sheria ya Uthamini ya 2016, fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe, ikichelewa inaingia riba, na ikipita miaka 2 ule uthamini umekufa, unaanza upya. Huku mtaani watoto waliokuwa tumboni wakati wa tathmini saivi wako darasa la pili. Hakuna anayesema uthamini uko hai au umekufa. Kama uko hai lipeni, na kama umekufa tamkeni, muondoe zuio la kujenga watu wajenge waishi.

Maana hata kukarabati hatuwezi. Mchana king'ora cha mgodi kinalia, mnasubiri walipue miamba, halafu ardhi inaruka na vyombo vinagongana kabatini. Chumba cha watoto kuna ufa umeanzia kona ya dirisha umepanda mpaka kwenye lenta. Huwa nauwekea alama ya penseli na tarehe pale ulipoishia, na kila nikirudi umeshaipita alama, saivi sarafu ya mia mbili inazama yote. Nililalamika, wakaja na kifaa cha kupima mtetemo, wakakaa nacho kidogo, majibu yakaja kwamba mtetemo uko ndani ya kiwango na ufa unatokana na ujenzi duni. Sawa, basi niuzibe. Naambiwa usiguse, kuziba ni kuendeleza. Kwahiyo watoto nimewahamishia sebuleni.

Usiku nao hamna kulala, karasha, mashine za kusaga mawe za wachimbaji wadogo, zinasaga mpaka alfajiri, na marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa, yamerundikwa mita chache kutoka kwenye kisima ninachochota. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, ile sumu ya kukamatia dhahabu, 2020, huku watu bado wanaishika kwa mikono mitupu na mvua ikinyesha maji yote yanashuka kwetu.

Najua kuna watakaokuja kusema ramani ya leseni iko mtandaoni ungeangalia. Ni kweli Tume ya Madini wanayo na leseni zinaonekana, nimeshaiona. Lakini niambieni nani kati ya wanaouziwa huku aliwahi kuambiwa kuna kitu kama hicho? Mtu anayenunua kiwanja anaenda kwa mwenyekiti, ndo utaratibu aliofundishwa. Chapisheni hiyo ramani mbandike ukutani ofisi ya mtaa, pale pale mnapobandika orodha ya michango, na kabla muhuri haujagongwa mnunuzi aonyeshwe mpaka wa leseni na daftari la waliothaminiwa, asaini kwamba ameona. Gharama yake ni karatasi.

Na wale mnaofikiria kujifunga mkopo wa nyumba wa miaka 20 kwenye miji hii angalieni Buzwagi pale Kahama, uzalishaji ulianza 2009, 2021 ukasimama. Miaka 12. Hata ukipata nyumba safi isiyo na namba ukutani, mkopo unaweza kubaki na mgodi haupo.

Mimi hapa sihitaji pole, nahitaji njia. Kuna mtu aliwahi kununua nyumba iliyothaminiwa akafanikiwa kubadilisha jina kwenye daftari kabla malipo hayajatoka? Alianzia kwa mthamini wa halmashauri, kwa mkuu wa wilaya au alienda moja kwa moja Baraza la Ardhi? Na je, naweza kuomba zuio malipo ya hii namba yasitoke mpaka kesi iishe, maana nasikia orodha ya malipo inaandaliwa na muuzaji ameonekana mjini. Mwanasheria niliyemfuata anataka laki tano kuandika barua tu. Wa Tarime, Kahama, Geita, Chunya, aliyepitia aweke hatua alizofuata hapa hapa chini, tuko wengi mtaa huu na wengine hata kuandika hawajui.