Maumivu ya hedhi: kaunti ipime kolesteroli ama ni kupoteza pesa?

NyarNyando
Wanakisumu, tusaidiane. Jana kwenye baraza mama mmoja aliomba kaunti iwapime kolesteroli bure wasichana wenye maumivu makali ya hedhi, eti endometriosisi (endo: tishu kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake) inafuata ukoo na mafuta ya damu. Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Tangu mtangazaji Njambi Koikai, aliyeugua endo, atutoke Juni 2024 suala hili haliniachi. Mwasemaje?

Fundi Kondele
Mafuta ndiyo chanzo. Nendeni ufuo wa Dunga Jumapili mwone sahani zinavyoelea. Nyanya zetu walikula omena ya kuchemsha, wakazaa mapema, na ugonjwa huo hawakuujua hata kwa jina.

Mama Ngege
Fundi, sahani hizo zinazoelea umezila mara ngapi kwa deni? Nakaanga samaki Dunga mwaka wa 12 huu. Na mafuta nabadilisha.

Simba wa Nakuru
Unabadilisha kila uchaguzi? 😂 Huku kwetu ni mukimo, afya tele.

Mama Ngege
Na zile chipsi za Kenyatta Avenue mnazikaangia maji?

Nesi Mstaafu
Mkimaliza kukaanga tusikilizane. Kuna wauguzi wa Marekani, maelfu kwa maelfu, wanaofuatiliwa tangu 1989. Ripoti ya 2017 ilionyesha wenye kolesteroli ya juu walikuwa na hatari ya endo zaidi kwa asilimia 22 hivi, na wenye endo nao hatari ya kolesteroli ikapanda asilimia 25. Kuku na yai. Samaki hakutajwa popote. Kolesteroli nyingi ini lako linaitengeneza lenyewe, na mwili huitumia kuunda estrojeni, ile homoni inayoilisha endo. Kutoka hapo hadi kumlaumu Mama Ngege ni safari ndefu.

Mama Ngege
Mungu akuzidishie, nesi. Fundi umesoma?

Mama Vee
Mimi nimekwama kwa ukoo. Nilisoma nusu ni ya kurithi. Ina maana binti yangu ana asilimia 50? Yuko kidato cha tatu. Jana usiku nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, chupa ya soda yenye maji moto imefungwa tumboni kwa leso, ncha ya leso ameiuma. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Hospitali fulani ilinidunga sindano za maambukizi ya nyonga miaka mitano. Nilipopasuliwa kwingine ndipo endo ikaonekana.

Nesi Mstaafu
Pole sana mama. Hapana, si hivyo. Nusu hiyo ilitoka kwa uchunguzi wa mapacha. Inaeleza kwa nini wanawake wanatofautiana, si uwezekano wa binti yako kuugua. Ila kuwa na mama au dada mgonjwa kunaongeza hatari kweli. Na hadithi ya nyonga si yako peke yako: mwaka 1976 Dkt. Donald Chatman wa Chicago alionyesha kuwa wanawake weusi wengi walioambiwa ni maambukizi ya nyonga walikuwa na endo.

Comrade Maseno
Basi kaunti ilete kipimo cha jeni tumalize maneno.

Nesi Mstaafu
Kijana, utafiti mkubwa wa 2023 ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 60,000, ukapata sehemu 42 kwenye jeni zinazohusiana na endo. Wote ni wa asili ya Ulaya na Asia Mashariki. Sasa kipimo hicho kitamsoma nani Nyakach? Kolesteroli nayo haitakuonyesha endo. Swali la "mama yako aliumia hivi?" halina gharama, na kliniki nilizofanya kazi tulikuwa hatuliulizi. Nami nimo.

Comrade Maseno
Kwa hivyo yule mama wa baraza alikosea?

Nesi Mstaafu
Kipimo alikosea. Wasichana hakukosea.

Simba wa Nakuru
Mama Ngege, samaki wa ngege wa kati ni ngapi siku hizi? Nakuja wikendi.

Mama Ngege
Kwako wewe wa mukimo, mara mbili.

NyarNyando
Niliuliza bajeti, mmeniletea menyu.

Fundi Kondele
Nesi, swali kidogo, msinicheke. Nyanyake mke wangu hakuzaa kabisa, watu walisema amerogwa. Kila mwezi alikuwa analala chini kwenye simiti siku tatu. Hiyo nayo inahesabika? Mke wangu naye ameanza kulala chini.

Nesi Mstaafu
Fundi, nitafute inboksi leo.