Protoc inatoa jumbe tu, huduma haionekani

mdau_ligula (Mtwara)
Wakuu, habari za kazi. Nina mapokezi.proto (faili la Protocol Buffers, linaloeleza muundo wa data) ya kutuma uzito wa magunia ya korosho kutoka maghalani hadi kwenye seva. Ndani kuna service Mapokezi yenye rpc (kitendo kinachoitwa kupitia mtandao) PokeaGunia. Nikiendesha kompaila yake, `protoc --go_out=. mapokezi.proto`, ili nipate msimbo wa lugha ya Go, napata jumbe peke yake. Nikiongeza `--go-grpc_out=.` inadai protoc-gen-go-grpc haipo, na imeshasakinishwa. Halafu, naweza kufuta `int32 daraja = 3` nikaweka `int32 unyevu = 3`?

korosho_bits
protoc inasoma faili tu, uandishi wa Go ni kazi ya plagini: protoc-gen-go kwa jumbe, protoc-gen-go-grpc kwa huduma. `go install` inaziweka ~/go/bin, na folda hiyo mara nyingi haimo kwenye PATH (orodha ya folda ambako mfumo hutafuta programu). Weka hii kwenye .bashrc, kisha fungua terminali upya:

`export PATH="$PATH:$(go env GOPATH)/bin"`

Utapata mapokezi_grpc.pb.go. Ndani ya struct ya seva yako pachika UnimplementedMapokeziServer, bila nyota mbele (yaani si pointer). Ukiiacha, kompaila itagoma ikitaja mustEmbedUnimplementedMapokeziServer. Faida yake: ukiongeza rpc mpya kesho, seva bado itajengeka, na anayeiita rpc hiyo kabla hujaiandika atajibiwa kosa namba 12 (UNIMPLEMENTED, yaani haijaandikwa).

bandari_lindi
Hiyo namba 3 usiiguse kabisa, kaka. Jina la sehemu (daraja, unyevu) halisafiri kwenye waya. Kinachosafiri ni namba, aina ya usimbaji na thamani. Simu ya karani wa Newala yenye programu ya zamani itatuma daraja 2, seva itasoma unyevu 2, na hakuna kosa litakalotokea popote. Andika hivi, ili namba 3 na jina lake visitumike tena:

```
reserved 3;
reserved "daraja";
optional int32 unyevu = 4;
```

Hiyo `optional` si pambo. Bila yake huwezi kutofautisha sifuri iliyopimwa na karani asiyejaza kitu. Kwenye Go itakuwa *int32, kwa hiyo kagua nil (hakuna thamani) kwanza.

mdau_ligula
Faili zimetoka zote mbili, shukrani. Mtu akirudisha namba 3 baadaye?

bandari_lindi
protoc itagoma palepale.

korosho_bits
Nyongeza kwa maghala yenye mtandao wa kusuasua: gRPC (mfumo unaobeba hizo rpc) haiweki kikomo cha muda yenyewe. Tumia context.WithTimeout, tuseme sekunde 10. Ila muda ukiisha huenda seva ilishaandika, kwa hiyo kila gunia lipewe kitambulisho chake simuni kabla ya kutumwa, na kanzidata ikatae kinachojirudia. Vinginevyo karani akituma tena, gunia moja litahesabiwa mawili.