Mjadala: Je, kilima cha Great Zimbabwe kilikuwa ngome?

Mwalimu wa Masasi

Ndugu zangu, naleta hoja ambayo imenikaa moyoni kwa muda mrefu. Maandishi mengi yanapoutaja Great Zimbabwe, ule mji wa mawe ulio karibu na Masvingo, hukiita kilima chake ngome, na wanafunzi wetu hukua wakiamini kwamba watawala wa pale walipanda juu kwa kuwahofia maadui. Naomba tujadili kama ushahidi wa akiolojia unaliruhusu jina hilo, maana mimi naona hauliruhusu. Kuta za kilimani hazikizunguki kilima chote, bali zinaunganisha jabali na jabali. Hazina matundu ya kurushia silaha, na juu ya ukuta wa magharibi kulipangwa vinara vidogo na nguzo nyembamba za mawe, mapambo ambayo hayamsaidii mlinzi kwa lolote. Watu wengi waliishi chini, nje ya kuta hizo. Ngome inayowaacha nje wale inaopaswa kuwalinda ni ngome ya namna gani? Waliolieneza jina hilo ni wageni wa karne ya 19, na Theodore Bent, aliyechimba pale mwaka 1891 kwa msaada wa Cecil Rhodes, yule mkoloni wa Kiingereza, alikuwa miongoni mwao. Walikuwa wamekwisha kuamua kwamba wajenzi walikuwa wageni waliozungukwa na wenyeji wakali, na bila ngome hadithi hiyo isingesimama.

Mzee wa Kalenga

Mwalimu, nimekusoma kwa heshima, lakini swali lako la "ngome ya namna gani" limenikera. Sisi Wahehe tunayo Kalenga, ambako Mtwa Mkwawa alijenga boma ambalo Wajerumani waliliteka Oktoba 1894 baada ya kulipiga kwa mizinga, na sijamsikia msomi yeyote akidai kwamba kuliita ngome kunatushushia hadhi. Unaandika kana kwamba Mwafrika aliyejenga kwa ajili ya kujilinda ana ustaarabu pungufu kuliko aliyejenga kwa ajili ya ibada au fahari. Nimekipanda kilima kile. Njia ya zamani inapenya katikati ya majabali mahali ambapo watu wawili hawawezi kupita sambamba, na upande wa kusini ni genge tupu. Mtu aliyepachagua mahali pale, kisha akaongeza ukuta mnene, alijua anachokifanya. Aidha, hakuna sheria inayosema kwamba ngome imkinge kila raia; inatosha ikimkinga mfalme na hazina yake.

Msham wa Kilwa

Nyote wawili mmekiacha kile kilichokipa kilima hicho thamani ya kulindwa. Dhahabu ya bara ilishuka Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, na biashara ya Sofala ilikuwa mikononi mwa Kilwa. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, na sarafu ya sultani huyo huyo imepatikana Great Zimbabwe. Katika hazina iliyofukuliwa mwaka 1903 kwenye magofu ya bondeni kulikuwa na vyombo vya kauri vya China, bakuli la Uajemi na shanga nyingi. Bila wafanyabiashara wa pwani, pale pangebaki majabali na malisho ya ng'ombe, na sitashangaa ikithibitika siku moja kwamba hata mafundi wa kuta zile walipata mafunzo kutoka kwetu.

Mjukuu wa Masvingo

Nimezaliwa Iringa, mama yangu akiwa mkimbizi wakati wa vita vya ukombozi vya Zimbabwe, na Kiswahili ndiyo lugha niliyosomea. Kwa hiyo nasema na Mzee Msham kama mtoto wa nyumba moja, ingawa sentensi yake ya mwisho imenichoma. Ndiyo sentensi ya Karl Mauch, Mjerumani aliyefika pale mwaka 1871, akanusa kibanzi cha mti wa mlangoni, akaona kinanukia kama penseli yake ya mwerezi, kisha akahitimisha kwamba mti ule ulitoka Lebanoni na kwamba jengo lilikuwa la Malkia wa Sheba. David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905 akasema ni kazi ya Waafrika. Gertrude Caton-Thompson alichimba mwaka 1929 akasema vivyo hivyo. Hata hivyo, serikali ya walowezi iliendelea kuwabana watumishi wake waliotamka ukweli huo, mpaka Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa makumbusho ya kale, akaondoka nchini mwaka 1970. Sisi tumelilipia jambo hili, Mzee wangu. Haliwezi kurudi kwa mlango wa nyuma likiwa limevaa kanzu.

Tena tazama mawe yenyewe. Mafundi wa Kilwa walijenga kwa matumbawe na chokaa, wakapiga kona za mraba, wakainua matao na kuba. Mafundi wa Great Zimbabwe walipasua matale yanayobanduka kwa tabaka, wakayapanga bila chokaa yoyote, na kuta zao zinapinda zikifuata ardhi. Ukuta wa nje wa ule Ua Mkuu ulioko chini ya kilima una mzunguko wa mita 250 hivi na unafikia kimo cha mita 11, na hauna tao hata moja. Kama mwalimu alitoka pwani, ni jambo gani hasa alilowafundisha?

Msham wa Kilwa

Kunifananisha na Mauch ni tusi, binti yangu, na sikulitarajia kwa mtu aliyelelewa Iringa. Sikusema imethibitika, nilisema sitashangaa. Nami nina haki ya kuuliza, kwa sababu watu wa pwani ndio waliokuwa na mawasiliano na dunia. Husuni Kubwa, jumba la kifalme la Kilwa, ilijengwa na sultani yule yule wa sarafu, nayo ilikuwa na vyumba vingi, visima na birika la kuogea. Mbona hakuna anayeona haya kusema kwamba Kilwa ilijifunza kutoka ng'ambo, lakini ikisemwa kwamba bara ilijifunza kutoka Kilwa inakuwa ukoloni?

Bibi wa Tanga

Shehe Msham, mimi ninaona haya, na nitakwambia kwa nini. Kwa vizazi vingi tulifundishwa kwamba miji ya pwani, tangu Lamu hadi Kilwa, ililetwa na Washirazi na Waarabu, na kwamba babu zetu walikuwa vibarua tu. Wachimbaji walipofika tabaka za chini za Shanga, mji wa kale wa kisiwa cha Pate, na za Kilwa walikuta vyungu vya wenyeji na nyumba za udongo na miti kabla ya jiwe la kwanza. Tuliumia kunyang'anywa kazi ya mikono yetu. Inawezekanaje leo sisi wenyewe tuwanyang'anye jirani zetu wa bara kwa hoja ile ile, eti kwa sababu sarafu moja ilisafiri? Sarafu inathibitisha biashara. Haijengi ukuta.

Nyar Migori

Naomba radhi kwa kuingilia kati ya wazee. Kwetu Migori tunayo Thimlich Ohinga, iliyoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, nayo pia imejengwa kwa mawe yaliyopangwa bila chokaa, kuta zikizidi kimo cha mita 4 mahali pengine. Milango yake ni mifupi, inamlazimu anayeingia kuinama, na huyo aliyeinama hawezi kuinua mkuki. Humo humo walilala watu, mifugo ikalindwa, na kazi za mikono zikafanyika. Ukimwuliza mzee wa kwetu kama ni ngome au ni nyumba, atakushangaa, kwa maana boma ni vyote viwili. Ninaona Mwalimu na Mzee wa Kalenga wanagombania mipaka ambayo waliojenga hawakuwa nayo. Na kuhusu nani alimfundisha nani, hata Thimlich tumebishania kwa miaka kama wajenzi wa kwanza walikuwa Wajaluo au Wabantu waliowatangulia, wakati kuta zinahitaji matengenezo.

Mwalimu wa Masasi

Nashukuru, dada yangu, lakini mfano wako unanisaidia mimi. Thimlich ina milango ya kujilinda, na hatuhitaji kubahatisha, kwa sababu imeonekana. Kilimani Great Zimbabwe tumeonyeshwa nini? Wengi wa wale ndege wanane wa mawe, ambao mmoja wao yupo katika bendera ya taifa, walitoka juu ya kilima, hasa katika ua wa mashariki, na ndege hao hawahesabiwi kuwa silaha. Utafiti wa Innocent Pikirayi na wenzake uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mashimo makubwa yaliyodhaniwa kuwa ya kuchimbia udongo yalihifadhi maji. Hiyo ni mipango ya mji mzima, wala si ya kundi dogo lililojifungia juu likisubiri kuzingirwa.

Mzee wa Kalenga

Mwalimu, unasema hatujaonyeshwa silaha wala dalili za vita. Nani angetuonyesha? Richard Hall alikabidhiwa ulinzi wa magofu mwaka 1902, na kabla ya kuachishwa kazi mwaka 1904 alikuwa amekwisha kuondoa udongo wenye historia, mahali pengine mita kadhaa kwenda chini, akiuita takataka za Wakafiri zilizofunika kazi ya watu wa kale. Ushahidi wa mambo mengi ulikwenda na udongo ule. Huwezi kumtupia mtu shahidi wake shimoni kisha ukamhukumu kwa kukosa shahidi.

Mjukuu wa Masvingo

Baba, hasira yako kwa Hall ni yangu pia, lakini si kila kitu kilitupwa. Mwaka 1958 Keith Robinson alichimba katika ua wa magharibi, juu kabisa ya kilima, akakuta sakafu juu ya sakafu, na tabaka za chini zilikuwa za nyumba za udongo na miti zisizo na ukuta wowote wa mawe. Watu waliishi pale kwanza. Mawe yalikuja baadaye, utajiri ulipokua. Kama hofu ndiyo iliyowapandisha, mbona ukuta ulichelewa namna hiyo?

Mzee wa Kalenga

Kwa sababu maskini hana cha kuibiwa, mwanangu. Utajiri ulipokuja, ukuta ukaja nao. Kwa hiyo mwandikieni mwanafunzi kwamba yalikuwa makao ya mfalme yenye ulinzi, nami nitatia sahihi.

Mwalimu wa Masasi

Makao ya mfalme naafiki, na mahali pa ibada pia. Hilo la ulinzi sitaliandika mpaka nionyeshwe tabaka.