Je, kikundi cha wanandoa kitazame Kiss Me, Stupid?

Swali

Ndugu zangu katika Kristo, ninaongoza kikundi cha wanandoa kanisani, na mmoja wetu amependekeza tutazame pamoja filamu ya Billy Wilder ya mwaka 1964, Kiss Me, Stupid, kisha tuijadili. Nimeitazama, nayo imeninyima amani. Orville, mtunzi wa nyimbo asiyejulikana, anamchokoza mkewe Zelda makusudi ili aondoke nyumbani, kisha anamkodi Polly, mhudumu wa baa, ajifanye ndiye mke, ili mwimbaji mashuhuri astarehe naye na hatimaye anunue nyimbo. Mwishowe mume amelala na Polly, mke amelala na mwimbaji, wimbo unasikika kwenye televisheni, na ndoa inaendelea. Je, tunaweza kucheka jambo kama hili bila kuliridhia?

Jibu la kwanza

Ndugu, wasiwasi wako si mgeni. Legion of Decency, chombo cha Wakatoliki wa Marekani kilichopima maadili ya filamu, kiliilaani filamu hii, na kampuni ya United Artists ikaisambaza kwa jina la kampuni yake tanzu, Lopert. Kwa watazamaji wa Marekani, tukio la Zelda na mwimbaji lilipigwa upya ili uzinzi usiwepo, kwa hiyo hakikisha kwanza mna toleo lipi. Kwangu mimi, hata hivyo, kinachotia hofu si uzinzi wenyewe. Biblia inasimulia uzinzi wa Daudi bila kuuficha, lakini inamtuma nabii Nathani amkabili uso kwa uso. Filamu hii haina Nathani: kila mmoja anaondoka na faida yake, na mtazamaji anafundishwa kwamba ndivyo watu walivyo.

Jibu la pili

Kwa heshima zote, mpendwa, sikubaliani nawe. Itazame tena ile jioni: Orville, baada ya kumwita Polly mke wangu mbele ya mgeni, anashikwa na wivu wa kweli kwa ajili ya mwanamke aliyemkodi, akamfukuza mwimbaji ilhali nyimbo hazijauzwa. Polly naye, aliyezoea kushikwashikwa na walevi, kwa mara ya kwanza anatetewa kama mtu mwenye heshima. Hapo sioni ndoa ikidharauliwa. Na kuhusu Nathani, soma Mwanzo 12: Abramu anamwomba Sarai aseme kwamba ni dada yake, Sarai anachukuliwa nyumbani kwa Farao, na Abramu anapata kondoo, ng'ombe na ngamia kwa ajili yake. Katika sura ile hakuna nabii anayemkemea. Anayemkemea ni Farao.

Jibu la tatu

Hoja ya Mwanzo 12 ni nzito, ila tusisahau kwamba Bwana alimpiga Farao kwa mapigo kwa sababu ya Sarai, yaani kuna aliyemwona mwanamke ambaye katika sura nzima hasemi neno. Swali langu kwa filamu ni hilo tu: nani anamwona Zelda? Kwa upande wa kikundi, kiongozi, nina ombi moja. Huenda miongoni mwenu yupo aliyesalitiwa na bado hajamwambia mtu. Akae gizani akisikia wenzake wakicheka, kisha aulizwe maoni yake? Zungumza kwanza na kila familia faraghani.

Muulizaji

Asanteni sana. Nimeahirisha filamu. Tutaanza na Mwanzo 12, na mazungumzo ya faragha nitayafanya pamoja na mke wangu, kwa kuwa wapo ambao hawatanifungukia mimi.